Kengele ya Dhagoole

Kijiwe chetu ni benchi moja refu la mbao lililoegemea ukuta wa mabati wa studio ya Dhagoole, nyuma ya soko la mifugo hapa Garissa. Mbele yetu Ebla ana jiko la makaa na birika la kahawa ya tangawizi. Pembeni mimi nina meza ya kuchaji simu za watu, ndiyo maana wananiita Chaja, na jina alilonipa baba limebaki kwenye kitambulisho tu. Hapa kila mtu ana jina la kubandikwa. Siyad ni Spika, kwa sababu amegombea wadi hii mara mbili akaanguka mara mbili, akabaki na sauti. Gelle ni Rubani, na ukipanda tuktuk yake utajua kwa nini. Sugow, dalali wa ngamia, ni Meno, na akicheka hakuna haja ya kuuliza. Dhagoole kwa Kisomali maana yake ni kiziwi. Tulimpa jina hilo tulipochoka kumtolea salamu naye anapita na vile vidude vyake masikioni, hasikii kitu. Mtu mwenye masikio makali kuliko wote mjini, sisi tukamwita kiziwi. Hatuna adabu, najua.

Siku hiyo mlango wa studio ulikuwa umefungwa tangu asubuhi, Dhagoole yumo ndani, na sababu tuliijua wote. Mabati hayafichi siri, na Dhagoole akiongea na simu huongea kama yuko ng'ambo ya mto. Kampuni moja ya muziki ya Nairobi ilikuwa imeusikia wimbo wa Kaaha, yule binti anayerap Kisomali mpaka wazee wanasimama njiani kumsikiliza. Waliutaka wimbo, na walimtaka Dhagoole mwenyewe aende kuwa fundi wao wa sauti, kwenye studio ya kweli yenye vioo na baridi ya mashine. Walikuwa na sharti moja tu. Atoe kengele. Jibu walilitaka siku hiyohiyo kabla ya Alasiri.

Sasa ujue, kila wimbo unaotoka mle ndani huanza na koor, ile kengele ya mti anayovishwa ngamia shingoni. Ko-ko, ko-ko, kavu kabisa, halafu besi inaingia, ndipo mtoto wa watu anaanza kumwaga mistari. Nairobi walisema inasikika kama vyombo vya jikoni.

— Atoe aende, akasema Spika. Kengele ni kengele. Mtu anaacha kazi kwa sababu ya kipande cha mti?

— Hiyo ni chapa yake, akasema Rubani. Wewe ngamia wako hana chapa? Nikiweka wimbo kwenye tuktuk, abiria akisikia ko-ko ya kwanza tu, anajua hii ni ya kwetu. Kuna jamaa wa Eastleigh aliiba biti akasema ni yake. Kengele ikamshtaki.

Hapo nilimuunga mkono Rubani, maana mimi nimemwona Dhagoole akianza. Alikuja mjini akiwa kinda, akakaa sokoni anatengeneza redio za watu. Baadaye akawa anarekodi harusi, halafu siku moja akapanga chumba hiki, akatundika ukutani mikeka minene ya kufunikia nyumba za wafugaji, ili sauti isirukeruke. Kuna mradi ulishawahi kuleta sponji za kizungu mjini, na mikeka ile inazishinda. Wakirekodi huzima feni, kwa hivyo wanatoka humo wameloa kama wametoka mtoni. Adhana ikianza wanangoja. Lori la mbuzi likipita wanangoja. Vijana wanatoka kambi ya wakimbizi ya Hagadera na mistari kichwani, wanalala sakafuni mpaka wimbo uishe. Nyimbo zake hazijawahi kupigwa kwenye stesheni kubwa hata moja, lakini zinafika Wajir kwenye memori kadi za madereva. Mimi hip-hop siielewi vizuri, nasema ukweli. Ila najivunia kuuegemea ukuta huu kwa mgongo wangu.

Meno muda wote alikuwa anakoroga kahawa ambayo haina sukari. Alipofungua mdomo alisema jambo lenyewe si chapa wala nini.

— Hiyo kengele ina wenyewe. Wallahi nasema. Siku moja alijaribu kurekodi bila hiyo, stima ikaenda mji mzima.

— Stima inaenda kila siku, Meno, akasema Spika.

— Hiyo siku ilienda mbaya.

Rubani, ambaye dakika chache nyuma alikuwa mtu wa akili, akaingia naye. Alidai kengele ile inaita mvua. Aliwahi kupeleka mahari upande wa Modogashe, wakaupiga wimbo wa Kaaha njia nzima, na usiku mvua ikanyesha mpaka gari likazama kwenye matope. Meno akamuuliza mbona basi hapa inapigwa kila siku na vumbi ni hili hili. Rubani akasema hapa inapigwa kwa sauti ya chini.

Spika aliweka kikombe chini. Alipofanya hivyo nilijua yanakuja makubwa.

— Nyinyi mnacheza. Uchaguzi uliopita, mpinzani wangu alifunga spika kwenye gari, akaweka wimbo gani? Wa huyu. Kila mtaa ko-ko, ko-ko. Watu wakawa wanatembea nyuma ya gari kama mifugo. Mlio ule unaingia kichwani, unakata mawazo. Ningeshinda mimi.

— Kwa hiyo ni kengele iliyokunyima kura, akasema Meno.

— Imefanyiwa utafiti.

— Na ule uchaguzi wa kwanza?

Spika akasema ule ni habari nyingine. Tukacheka mpaka benchi likayumba. Ebla peke yake hakucheka. Alikuwa anapuliza makaa, na bila kutugeukia akatuuliza kama tunakumbuka marehemu mama yake. Tulimkumbuka. Hapakuwa na harusi katika mji huu ambayo mama yule hakusimama na wanawake wenzake akaghani buraanbur, mashairi yao yale ya kinamama. Ebla akasema mama alipoanza kuugua, Dhagoole alikwenda nyumbani na mashine zake, akakaa kitandani pa mgonjwa mchana kutwa, akamrekodi. Aliporudisha kazi ilikuwa safi, sauti ya mama imenyooka kama ya msichana.

— Nikamwambia, hapa katikati mama alikohoa. Kikohozi kiko wapi? Akasema amekitoa, ndiyo kazi yake kutoa. Nikamwambia nirudishie. Mama yangu alikuwa anakohoa.

— Akarudisha? nikauliza.

— Alikuwa amekiweka kando. Akasema alijua nitakitaka.

Ebla alijaza vikombe na kurudi kwenye makaa yake, na mimi nilijikuta nawachukia wale watu wa Nairobi ambao hata siwajui. Lakini Spika alikuwa bado na lake. Akasema kwa sauti ya chini kidogo kuwa hata hivyo, kijana hana mke, hana nyumba, joto linamuua mle ndani, na nafasi kama hiyo haigongi hodi kila mwaka. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa anasema kitu cha maana, na kiliniuma kwa sababu hiyo. Tungebaki na ukuta mtupu, lakini yeye angekuwa mtu.

Ndipo mzee mmoja akatokea upande wa soko. Mrefu, mkavu, kikoi kimefungwa juu ya vifundo, fimbo imelala mabegani na mikono imening'inia juu yake. Vumbi lilikuwa limempanda mpaka kwenye kope. Akatoa salamu, tukaitikia, tukamsogezea nafasi. Hatukumuuliza shida yake. Kwetu mgeni hunyweshwa kwanza, halafu anaulizwa habari za mvua, halafu malisho, halafu mifugo, na shida yake huja yenyewe. Alisema anatoka upande wa Bura. Mvua ilipita mbali. Malisho hakuna ya kusemwa. Mifugo ni mbuzi tu siku hizi.

— Na ngamia, Adeer? akauliza Meno kwa mazoea ya kazi, akimwita ami kama tunavyowaita wazee wote.

— Ngamia walikwisha ule mwaka wa ukame mkubwa.

Alikunywa taratibu. Kisha akasema jina lake ni Hared, na amekuja kutafuta kengele.

Nadhani sote tulidhani anataka kununua. Meno hata alianza kumwelekeza kwa fundi wa kuzichonga. Mzee akatikisa kichwa. Alisema alipanda lori la mbuzi kwenda kumwona dada yake, na dereva akawasha wimbo, kelele hizi za vijana. Mwanzo wa wimbo akasikia koor yake. Si koor kama yake. Yake.

— Nilichonga mwenyewe, akasema. Ina ndimi mbili ndani, moja fupi, kisu kiliteleza. Inagonga mara moja vizuri, mara ya pili inachelewa. Nilimwambia dereva arudie. Akarudia mpaka akanichoka. Nikamuuliza inatoka wapi, akasema Garissa, nyuma ya soko, kwa mtu anaitwa Kiziwi.

Rubani alinitazama. Mimi nikatazama mlango. Kwa ndani hatukusikia kitu.

— Alikuwa nayo nani, Adeer? nikauliza, ingawa nilikuwa nimeanza kujua.

— Mwanangu Sakariye.

Miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa analijua jina lile. Mzee akaendelea polepole, macho kwenye kikombe. Ngamia jike aliyekuwa akiongoza wengine alikufa wa mwisho, na kijana ndiye aliyekuwa naye. Alirudi nyumbani amebeba kengele mkononi. Baba akamwambia aitupe, hakuna tena wa kuvishwa. Kijana hakuitupa. Akasema anakwenda mjini, anataka kufanya kazi ya sauti. Baba akamuuliza sauti ni kazi gani, inakamuliwa au inachinjwa. Wakasemana vibaya. Mwisho baba akamwambia akienda asirudi, na hao wengine nyumbani wasilitaje jina lake.

— Akaenda, akasema mzee. Alikuwa mtoto mtiifu. Nilimwambia asirudi, hakurudi.

Spika alijikohoza, akataka kueleza. Alianza kumwambia mzee kwamba kijana wake ni mtu mkubwa sasa, kwamba Nairobi wanamtaka, kwamba kuna jambo dogo tu la hiyo kengele, wanataka aitoe, na leo ndiyo siku ya kujibu. Nilitamani nimzibe mdomo. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima.

— Wanataka aitoe?

— Ndiyo, Adeer.

— Naye ameiweka kwenye nyimbo ngapi?

— Zote, akasema Rubani. Hakuna ambayo haina.

Mzee akakiweka kikombe chini. Akatutazama mmoja mmoja, bila hila, kama mtu anayeuliza njia.

— Nyinyi mmekaa naye, mnamjua kuliko mimi. Niambieni kitu kimoja. Ngamia anavishwa koor ili akipotea, mwenyewe aisikie, amfuate. Ngamia yule alishakufa, na Sakariye alimwona akifa kwa macho yake. Sasa miaka yote hii anaipiga. Alikuwa anamwita nani?

Mzee alikuwa anangoja jibu kweli, akidhani katika watu watano wa mjini hatakosekana hata mmoja wa kumjibu.

Ebla aliweka birika chini, akajifunga shuka yake vizuri, akaenda kugonga mlango. Alasiri ilikuwa inakaribia, na simu ikaanza kuita ndani, ikaita mpaka ikanyamaza yenyewe, ndipo mlango ukafunguliwa.