Nafasi Nyeupe Ukurasa wa Tatu

Marehemu dada yetu alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa pili kati ya watano. Nyumbani tulimwita Dada Umemuuliza, na chanzo cha jina hilo ni mimi, mdogo wake ninayewasomea. Nilikuwa na miaka mitano, kioo cha dirisha kikavunjika, na baba akanikamata sikio hata kabla hajavua kofia ya kazi. Dada, aliyekuwa na miaka tisa, akasimama mlangoni na kusema, "Baba, umemuuliza?" Baba akaniuliza. Kusema kweli nilikuwa nimekivunja mimi, na nilichapwa sawasawa. Lakini tangu siku hiyo baba aliuliza kwanza.

Alisoma shule ya msingi ya reli kuanzia 1965 hadi 1971, akaendelea na sekondari ya wasichana, na mwaka 1979 akapata stashahada ya ustawi wa jamii. Januari 1980 aliajiriwa katika ofisi ya ustawi wa jamii ya mji, chumba namba sita, ambacho mlango wake haukufungika mpaka uuinue kidogo. Alikaa humo miaka thelathini na minane. Yeye ndiye aliyeandika utaratibu unaotaka mtoto asikilizwe kabla watu wazima hawajaamua akae na nani. Alizunguka shule zote za mji na kipaza sauti chake, na kila Jumamosi alikuwa redioni. Wakubwa wake walimwona msumbufu, na hawakukosea.

Tarehe 7 Septemba 1985 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu. Shemeji alianza kwa kwenda kwa baba, akakubaliwa, akatoka anachekelea. Dada akamwambia, "Na mimi umeniuliza?" Ikabidi atoke nje na kubisha hodi upya. Walijaliwa watoto wawili.

Sasa fungueni ukurasa wa tatu wa programu ya mazishi mliyogawiwa. Mtaona nafasi nyeupe. Mchapaji hana kosa, maskini, alinipigia simu mara tatu. Nafasi hiyo niliiacha mimi.

Mwaka 1994 ofisi ya dada iliendesha kampeni dhidi ya ajira ya watoto. Dada mwenyewe alimpiga picha msichana wa miaka kumi na mmoja akiwa kazini, na sura yake ikachapishwa kwenye mabango mia mbili. Alikuwa amemwomba ruhusa mwajiri. Alikuwa amemwomba mkuu wa ofisi. Mtoto hakuulizwa na mtu. Wiki moja baadaye dada alitoka na ndoo ya maji na kisu cha jikoni, akayabandua mtaa kwa mtaa. Alirudi na mia moja tisini na moja. Yale tisa aliendelea kuyatafuta mpaka anastaafu.

Kutokana na kosa hilo aliandika kanuni: picha au jina la mtoto lisitumike kwenye kampeni yoyote kabla mtoto hajaulizwa faraghani, na akibadili nia, viondolewe. Baraza la mji limeikataa mara mbili kwa hoja kwamba haijawahi kutokea shida. Itapigiwa kura tena keshokutwa. Waheshimiwa wajumbe, nawaona hapo mstari wa pili, na poleni kwa jua.

Tarehe 2 Februari mwaka huu, 2024, alipatwa na kiharusi, akapoteza sauti. Aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza: USINISAFISHE. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, shemeji akiwa amemshika mkono. Jumatatu kikao cha familia kilitaka habari ya mabango ifukiwe naye, wakasema namvua nguo dada yangu kaburini. Tulizozana sana, na wengine mpaka sasa hatusemeshani.

Lakini kilichonikosesha raha hakikuwa kikao. Habari ile si ya dada peke yake. Nilimtafuta yule msichana, ambaye sasa ni mama mtu mzima, na hadi programu inachapwa alikuwa hajajibu. Amejibu leo asubuhi: "Sema alichokosea yeye. Yaliyonipata mimi ni yangu." Kwa hiyo yaliyompata hamtayasikia kwangu, wala nafasi ile haitajazwa. Kama yupo hapa au hayupo, msigeuze shingo.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne, ndugu wanne, na mtu mmoja ambaye hakutaka kutajwa.

Nimemuuliza, dada. Sasa pumzika kwa amani.