Ngazi Mia za Bibi Selestina

Gari la Butiama kwenda Musoma lilikuwa linapanda kilima pale saa ya mkononi ya Bibi Selestina, ile inayohesabu ngazi anazopanda, ilipotetemeka. "Ngazi mia! Nimefikisha," akasema kwa furaha, huku akiendelea kukisukasuka kibuyu cha maziwa alichokipakata.

Jirani yake kitini, mwalimu Werema, akacheka. "Bibi, saa inakudanganya. Ukitikisa mkono inadhani unatembea, na gari likipanda inadhani ni wewe."

"Hainidanganyi mimi, mwanangu. Inamdanganya Diana."

Diana, binti yake, huzisoma hesabu hizo kwenye simu huko Mwanza. Walikubaliana: mama akipanda ngazi mia kila siku, atabaki kwake Kamunyonge, hapo Musoma. Akishindwa, atahamia Mwanza akatunzwe.

"Na siku ukianguka peke yako?" mwalimu akauliza.

"Kitendawili," akajibu Bibi.

"Tega."

"Ninapandaga milima nimekaa."

"Wewe na kibuyu chako! Lakini mwambie mtoto ukweli, Bibi."

Gari likasimama stendi. Bibi akamshika mwalimu bega, akashuka ngazi ya mlangoni taratibu, akihema. Akaitazama saa, hesabu ilikuwa ileile.

"Ona sasa," akalalamika. "Hii moja ya kweli, mbona haijaihesabu?"