Dada Yetu Aliyechimba Kuanzia Chini

Wazee wetu, majirani wa juu na wa bondeni, wenzake wa kazini, na wewe mkurugenzi uliyekaa hapo mbele, familia imenikabidhi mimi, mdogo wake anayemfuata, kusoma maisha ya dada yetu, ikaniagiza nisome kwa ufupi, agizo ambalo marehemu hakulitii katika kikao chochote alichowahi kukiendesha.

Dada yetu alizaliwa tarehe 17 Agosti 1963, mtoto wa kwanza kati ya watano, baba akiwa fundi cherehani na mama akifua mashuka katika hospitali kuu, katika chumba cha kupanga nyuma ya karakana ya maseremala, chumba kimoja chenye pazia katikati, na kwa kuwa mama alirudi kazini mapema kila baada ya kujifungua, aliyetulea sisi wanne kwa sehemu kubwa ni yeye. Hakutulea kwa upole. Alipakua chakula kuanzia kwa mtoto mdogo kabisa, baba akapata mwisho, na siku moja baba alipouliza kwa nini sahani yake ndiyo inayosubiri sufuria ikwanguliwe, alimjibu, "Wewe ukikosa utasema, baba, huyu akikosa atalia kidogo halafu atalala," akapigwa kofi kwa utovu wa adabu, na kesho yake akapakua vilevile.

Alianza shule ya msingi Januari 1970, akaingia sekondari ya kutwa ya wasichana mwaka 1977, akamaliza mwaka 1980, akafeli hesabu, akarudia mtihani, akafeli tena, kisha akajiunga na chuo cha jioni, mchana akifunga mikate katika kiwanda cha mikate, hadi alipopata cheti cha maendeleo ya jamii tarehe 2 Desemba 1984. Kuhusu shule hakuna la kuongeza, ila tu kwamba mhasibu wa shirika, ambaye naye yuko hapa, hakuacha kumkumbusha zile hesabu kila walipokaa kupanga bajeti.

Tarehe 8 Aprili 1989 alifunga ndoa na fundi wa kuchomelea mageti, shemeji yetu, wakahamia kwenye nyumba ya vyumba viwili mtaa wa juu, hatua chache kutoka barabara ya lami, na Mungu akawajalia watoto watatu, wa kwanza binti, sasa mwalimu, wa pili mvulana, sasa dereva wa lori, na kitinda mimba binti aliyeko chuoni. Watoto hao wameniomba niseme kwamba mama yao aliwapenda sana, na kwamba hakuwahi kufika mapema katika sherehe yao hata moja ya shule.

Sababu ya kuchelewa kwake ilikuwa kazi. Tarehe 3 Juni 1991 aliajiriwa na shirika lisilo la kiserikali linaloendesha miradi ya maji, vyoo, taa na chekechea katika mitaa ambayo jiji hukumbuka kuwepo kwake wakati wa kuhesabu watu, na mtaa wetu ni mmojawapo. Wengi mnaujua, lakini kwa wageni waliotoka mbali nitaueleza. Tuko kwenye kilima. Juu iko barabara ya lami, duka la dawa, hoteli, ofisi ya shirika, na nyumba za matofali zenye mageti ya shemeji, na ukishuka vichochoro, unashika ukuta huku na huku, unafika bondeni, kwenye vyumba vya mabati, ambako kila kilichoharibika juu huishia.

Mradi wake wa kwanza ulikuwa wa taa za barabarani, mwaka 1994. Nguzo ya kwanza ilisimikwa barabarani, wageni wakakata utepe, picha zikapigwa, nguzo zikaanza kushuka kilima, na fedha zikaisha kwenye kichochoro cha tatu. Taarifa ya mwaka ilikuwa na picha ya taa ikiwaka, na chini yake yameandikwa maneno "Mtaa wang'ara." Alipouliza habari za bondeni aliambiwa iko awamu ya pili. Awamu hiyo haijafika mpaka leo, na kama kweli iko njiani, basi inatambaa.

Kuanzia hapo dada yetu alishika kanuni moja, akaing'ang'ania hadi wenzake wakamchoka: kila kazi ianzie chini. Sababu yake aliieleza katika kila kikao, kwa kirefu, hata kwa walioielewa tangu kikao cha kwanza, kwamba fedha za mradi huisha kabla ya kazi kuisha, ndivyo zilivyo, na zikiishia bondeni hakuna atakayejua, lakini zikiishia barabarani jiji zima litasikia. Watu wakambatiza jina la Mama Anzia Chini, kwanza kwa dhihaka.

Mradi wa maji ulipokuja, mwaka 1998, fundi mkuu alimwambia mbele ya kamati, "Mama, maji yako juu, bomba linaanzia kwenye maji, hata mtoto anajua," naye akajibu, "Maji yakae huko huko, baba, mimi naongelea mtaro, koleo la kwanza lipigwe bondeni," wakabishana hadi chai ikapoa, na kwa kuwa fundi alitaka kwenda nyumbani na dada hakutaka, dada alishinda. Mtaro ulichimbwa kutoka bondeni kupanda juu, bomba likalazwa, koki zikasimamishwa, na fedha zikaisha, kama alivyosema, kabla ya kufika barabarani kwenye bomba kuu. Bondeni kukawa na koki nzuri zisizo na tone la maji. Watu waliamka wakiona koki, wakachukua ndoo, wakapanda kilima kama zamani. Wakaanika nguo juu yake. Mama mmoja muuza mkaa alimsimamisha dada njiani akamuuliza, "Bi mkubwa, haya mapambo ulituletea ya nini, sisi harusi hatuna," na dada akamjibu avumilie, akamuacha anacheka.

Huko juu nako hapakukalika. Mwenye duka la dawa alitaka maji dukani, mwenye hoteli alitaka maji jikoni, na wote walikuwa wakiona bomba limefika karibu na milango yao likakatika. Mwenye duka la dawa alikuja nyumbani kwa dada asubuhi, shemeji akiwa anapiga mswaki kwa maji ya kikombe, akasema kwa sauti ya kusikiwa na majirani, "Wewe mwanamke unatukomoa," dada akamwambia, "Kaka, ofisi iko pale, nenda kaseme nao, wewe wanakusikia." Akaenda. Mwenye hoteli naye akaenda. Wakapiga simu, wakamtafuta mtu anayemjua mtu, gazeti moja likaja kupiga picha ya bomba lililokatika, na kabla ya mvua za mwaka uliofuata kipande kilichobaki kilichimbwa na kuunganishwa. Siku maji yalipofika kwenye duka la dawa, yalifika na bondeni, kwa sababu bomba lilikuwa moja.

Kwa kipindi chote hicho dada aliishi mtaa wa juu, nyumba yake ikiwa miongoni mwa zilizosubiri, na shemeji alizoea kuwaambia wateja wake, "Mke wangu anagawa maji, mimi nabeba ndoo, mganga hajigangi." Mama mkwe wake, ambaye alikuwa anaishi nao, alimuuliza kama ametumwa na maadui. Nasema haya ili msije mkaondoka hapa mkidhani tunazika malaika. Alikuwa mtu wa kuchosha. Alikatiza watu kauli, alisahau siku za kuzaliwa za watoto, alikataa mkutano uanze kabla watu wa bondeni hawajafika hata kama mvua ilikuwa inanyesha na kila mtu anajua hawatafika, na sisi wadogo zake tulijifunza kutomwalika kwenye shughuli yoyote yenye watu wa kujipanga.

Hata hivyo shirika nalo lilimchosha. Katika miaka ishirini iliyopita alihudhuria semina za kueleza maana ya usawa, zenye chati ukutani na kalamu za rangi, na katika mojawapo mgeni aliwaeleza watu wa bondeni maana hiyo tangu saa tatu asubuhi, hadi bibi mmoja akainua mkono akasema, "Mwanangu, usawa tumeuelewa tangu chai, sasa tunauliza choo." Mkurugenzi wa tatu alibadilisha nembo. Wa nne alibadilisha jina la idara ya dada. Wa tano, uliyepo hapa, ulikuja mwaka 2022 ukiwa na mradi mpya, mtaro wa maji ya mvua, na ninaomba unisikilize vizuri kwa sababu nimefika kwenye ugonjwa wake, na hayo mawili yalikwenda pamoja.

Aligunduliwa kuwa na presha tarehe 11 Machi 2023, na figo zikaanza kushindwa mwaka uliofuata. Daktari alimwambia apunguze mambo yanayompandisha presha, naye akamtajia mkurugenzi, kwa cheo. Kwenye kliniki ya figo alikuwa akifika mapema, anawapisha watu mbele, anarudi nyuma ya foleni, mpaka muuguzi akamwambia, "Mama, hapa wote wagonjwa, kaa pale pale ulipo," nasi tukamshukuru muuguzi huyo, maana sisi alikuwa hatusikii.

Kilichompandisha presha ni hiki. Wafadhili wanakuja mwezi wa nne, na ili waone kazi imeanza, ofisi imeamua mtaro uanzie barabarani, mbele ya ofisi, na mawe ya kujengea yamemwagwa pale tangu mwezi uliopita. Dada alisema mtaro si bomba. Bomba likikatika njiani, watu wanakosa maji. Mtaro ukijengwa kutoka juu ukakatika njiani, maji yote ya barabara, ya hoteli na ya mapaa ya mtaa wa juu yanakusanywa mahali pamoja na kumwagwa kwenye vyumba vya bondeni, na fedha za mtaro huu, kama mhasibu anavyojua, hazifiki hata nusu ya kilima. Bila mtaro wowote, mvua ya bondeni ni kero. Kwa nusu ya mtaro wa juu, ni mafuriko kwenye vitanda vya watoto. Alilisema hili ofisini tarehe 9 Januari, akalirudia tarehe 23, akiwa amevimba miguu na ameshikwa mkono na kitinda mimba wake, na mara zote mbili akajibiwa kwamba maoni yake yamepokelewa. Tulimsihi alale. Alisema atalala mawe yakishuka.

Alilazwa tarehe 6 Februari 2025, wodi ya tatu, hospitali kuu, ile ile ambayo mama yetu alifua mashuka yake, na akafariki Jumatano tarehe 12 Februari, saa nane mchana, akiwa na miaka sitini na mmoja. Siku moja kabla, aliponiona naingia, hakuniuliza habari za nyumbani, aliuliza, "Wameanza wapi?" Nilimwambia kazi inaanza Jumatatu. Akageukia ukutani. Ilinikera wakati ule na inanikera hata sasa ninaposoma, kwamba mtu anaweza kufikia mwisho wake akiwa na swali la mtaro, na kwamba swali lenyewe lilikuwa la haki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya tatu na wa kliniki ya figo. Inawashukuru wafanyakazi wenzake, pamoja na mhasibu, ambaye amelipia maua kwa fedha zake. Inawashukuru majirani wa bondeni, waliokesha nasi na kupika, na majirani wa juu, hasa mwenye duka la dawa, ambaye juzi alikaa na shemeji kwenye kibaraza, akasikiliza habari yote ya mtaro, akasema, "Mke wako alinisumbua miaka ishirini na saba, na sasa ofisi inataka maji ya paa langu yamwagwe kwa watu," kisha akatoa lori lake, na mpwa wangu dereva akakubali kuliendesha bila malipo.

Kuhusu lori hilo, mliosimama juani leo asubuhi mkisubiri viti, familia inawaomba radhi, lori lilikuwa na mizigo mingine ya kushusha kwanza, na vijana wa bondeni waliosaidia kupakua wamekuja mazishini na vumbi lao, msiwashangae. Mkurugenzi, ukirudi ofisini hutayakuta mawe yale barabarani. Yote yako bondeni, yamepangwa vizuri pale mtaro unapoishia, penye mto. Hakuna jiwe lililopotea. Ukitaka kuyarudisha juu, lori limerudishwa kwa mwenyewe, na mwenyewe amekaa safu ya pili nyuma yako, unaweza kumuomba. Vijana watakuwa chini pale Jumatatu na makoleo, pamoja na yule fundi mkuu wa bomba, ambaye safari hii amekubali bila ubishi, na shemeji, na sisi wadogo zake wanne.

Dada, pumzika sasa kwa amani, na tafadhali usiamke Jumatatu kwenda kuhakikisha. Tutakwenda sisi.