Badawi bin Hamid, Fundi wa Visima Aliyehesabu Pumzi

Leo Ijumaa, tarehe 18 Februari 1949, siku ya tatu tangu tumzike, jamaa na majirani tumekusanyika hapa mtaa wa Kuze kumsomea hitima Badawi bin Hamid. Maneno haya yameandikwa na watu wa nyumba yake, na anayeyasoma ni Zein bin Jamaldin, mtoto wa ndugu yake. Marehemu aliacha agizo kuhusu siku kama ya leo. "Msinifanye shujaa," alisema. "Semeni nilikuwa mtu wa hofu. Huenda ikamfaa mtu." Tumelitii agizo hilo.

Alizaliwa mwezi wa Machi 1903, katika nyumba hii hii, mtoto wa pili wa Hamid bin Badawi, fundi wa mawe na visima, na mkewe Bi Mwanakuu. Kaka yake, Jamaldin, alikuwa amemtangulia kwa miaka minne. Bi Mwanakuu alikuwa akisimulia kwamba Badawi, akitumwa maji, aliitupa ndoo kisimani huku amefumba macho, akaivuta huku amefumba macho, kisha akaja ndani miguu imerowa na ndoo iko nusu. Jamaldin yeye alikuwa akikaa juu ya ukingo wa kisima, miguu inaning'inia ndani, akila embe.

Alisoma chuoni Kibokoni na akahitimu Kurani mwaka 1914. Hati yake ilikuwa nzuri kupita ya wenzake wote, na mwalimu wake alitaka awe mwandishi wa barua. Lakini baba alikuwa na kazi ya mikono miwili na wana wawili wa kiume, basi mwaka uliofuata Badawi akapewa patasi.

Baba yao alipofariki mwaka 1924, ndugu hao wawili waliirithi kazi ya kuchimba na kusafisha visima vya Mji wa Kale. Waligawana kwa kadiri ya tabia zao. Jamaldin alishuka, Badawi alibaki juu na kamba. Hakuna aliyemlazimisha mwenzake, na kwa miaka kumi na sita hakuna aliyelalamika.

Mwaka 1927 alimuoa Mwanabaraka binti Aidarus wa Kibokoni, wakajaaliwa binti mmoja, Nabiha. Mwanabaraka alikuja na jozi mbili za njiwa, akawafuga darini. Kila njiwa alikuwa na jina, na Badawi aliyakosea majina hayo kila siku, mpaka mkewe akasusa kumpa kahawa siku nzima.

Sasa tunafika mwaka 1940. Wengi mlio hapa mnakumbuka. Ndege za Kitaliano zilikuwa zimeangusha mabomu Malindi, na huku kisiwani kila mtu alisema kesho ni zamu yetu, na bomba la maji linalovuka kutoka bara ndilo litakalopigwa kwanza. Watu wakaanza kuvifungua visima vya zamani vilivyozibwa majumbani. Jumamosi tarehe 9 Novemba, wiki moja baada ya Idi, ndugu hao waliitwa kwenye nyumba moja kubwa iliyokuwa na kisima kilichofunikwa kwa mbao miaka mingi.

Mbao zilipoondolewa, Badawi alisikia harufu nzito ya majani yaliyooza. Akaomba taa ateremshe. Mwenye nyumba akacheka, akaelekeza kidole chini. Juu ya maji kulikuwa na kobe wa maji, kichwa kimetoka, shwari.

"Yule aliwekwa na marehemu babangu," akasema. "Miaka yote hiyo yu hai humo. Kama hewa haifai, yeye angeishije?"

Jamaldin akamtazama mdogo wake. "Wasikia? Kobe hana hofu, wewe una hofu."

Akashuka. Pima tatu chini Badawi alimwona akiinua uso, kama mtu aliyesahau neno alilotaka kusema, kisha vidole vikaachia kamba. Mtumishi wa nyumba, kijana mwenye nguvu, alishuka mbio kumwokoa, naye hakufika hata kwenye maji kabla ya kulegea. Watu wakampigia Badawi kelele, "Shuka! Nduguyo huyo!" Badawi hakushuka. Alisimama pale ukingoni na kamba tupu mkononi, mpaka wawili hao walipoopolewa kwa kulabu, tayari maiti.

Mtaani yalisemwa yaliyosemwa. Kwa siku saba hakuweza kumtazama mama yake. Siku ya nane Bi Mwanakuu alimfuata ukumbini, akakaa mbele yake.

"Ulimwona nduguyo akianguka?"

"Ndiyo, mama."

"Na yule wa pili?"

"Ndiyo."

"Basi mimi nimefiwa na mwana mmoja," akasema. "Ungeshuka, leo ningekuwa sina hata mmoja wenu. Nenda kale."

Zein alikuwa na miaka kumi na sita wakati ule, na tangu siku hiyo alilelewa na ami yake kama mtoto wa tumboni.

Lakini Badawi hakupata usingizi. Swali moja lilimtafuna. Mbona kobe alikuwa hai? Alirudi kwenye nyumba ile, akaomba apewe yule kobe, akamweka katika beseni la maji uani. Akaketi mbele yake na daftari. Aliona kwamba kobe huzama akatulia chini kwa muda ambao mtu anaweza kwenda Ngome ya Yesu na kurudi, akaibuka, akavuta pumzi mbili tatu, akazama tena. Mwili wake ulikuwa baridi kama jiwe la kivulini. Alikula jani moja leo, jingine keshokutwa. Kisha Badawi akamshika njiwa mmoja wa mkewe kifuani, akahisi joto lile na moyo ule unaokimbia usioweza kuhesabika. Akahesabu pumzi za paka aliyelala na za paka aliyetoka kukimbizwa. Akahesabu za mbuzi wakati wa joto la Kaskazi, aliyekuwa akitweta kivulini bila kukimbia popote, akitoa joto kwa mdomo. Akahesabu zake mwenyewe, ameketi. Halafu akahesabu tena huku akikikumbuka kile kisima, akakuta zimekuwa mara mbili.

Katika daftari lake, kwa ile hati yake nzuri, ameandika: "Kobe anatumia kidogo, kwa hivyo anadai kidogo. Ndege ni moto mtupu, anakula kutwa na kuvuta hewa kutwa, naye ndiye wa kwanza kuanguka ikichafuka. Tulimuuliza asiyejua. Na mtu mwenye hofu anapumua kama ndege."

Tangu hapo hakuingia mtu kisimani mbele ya Badawi kabla ya njiwa kushushwa kwanza ndani ya tundu lake la fito. Mwanabaraka alilia alipochukuliwa wa kwanza. Kisha akafuta macho, akamwambia mumewe, "Mchukue. Ila jina lake ulitaje sawasawa." Na alilitaja.

Tarehe 23 Aprili 1942, siku ya Alkhamisi, hofu mjini ilikuwa kubwa zaidi. Wajapani walikuwa wamepiga Ceylon, meli za vita zimejaa Kilindini, na wengine walikuwa wakifunga mizigo kukimbilia bara. Karibu na Mwembe Tayari kulikuwa na kisima kilichohitaji kukaushwa upesi. Wenye kazi walikuwa wameteremsha injini ya petroli mpaka kwenye kijukwaa cha mbao ndani ya kisima, ivute maji. Asubuhi nzima ilinguruma humo. Mchana ikazimika, na mfanyakazi mmoja, Kaingu wa Rabai, akashuka kuitazama. Hakujibu alipoitwa.

Badawi aliletwa mbio kutoka kazi ya jirani, Zein nyuma yake na tundu la njiwa. Msimamizi alikuwa ameshateremsha kandili, nayo ilikuwa ikiwaka vizuri kando ya Kaingu.

"Taa yawaka," msimamizi akasema. "Hewa ipo. Amezirai kwa joto tu. Shuka umfunge kamba!"

"Njiwa kwanza," Badawi akasema.

"Mtu yuwafa, nawe wacheza na ndege?"

Zein aliiona mikono ya ami yake ikishindwa kufungua fundo. Lakini njiwa alishuka. Hawajafika hamsini katika kuhesabu, tundu likainama upande mmoja. Walipolivuta, njiwa alikuwa amekufa na taa bado inawaka. Moshi wa injini una sumu isiyozima taa. Hilo wengi pale walilijua siku ile.

Kilichofuata ndicho kilichomuumiza marehemu hadi mwisho, kwa sababu alimwacha Kaingu alale pale. Aliamuru matawi ya mwarobaini yafungwe kwenye kamba, yapandishwe na kushushwa, yapandishwe na kushushwa, yachote hewa mbaya. Akataka maji yamwagwe kwa kishindo kwenye kuta zote. Watu wakamlaani. Mmoja akamtajia Jamaldin kwa jina. Yeye akaenda kukaa ukutani, akafumba macho, mkono juu ya kifua.

"Ami," Zein akamwambia, "wanasema—"

"Nasikia wanayosema. Wacha nipunguze pumzi. Nikishuka hivi nilivyo nitaimaliza hewa yote kabla sijamfikia."

Njiwa wa pili alirudi akiyumba, lakini hai. Badawi akafunga kamba kiunoni, akamkabidhi Zein. "Nikiivuta mara moja, nipandishe. Nisipoivuta, hesabu mia, unipandishe vivyo hivyo. Wewe usishuke. Apa."

Zein akaapa.

Hakuwa amewahi kuingia kisimani tangu azaliwe. Alishuka na kifua kimejaa hewa, bila kuhangaika, mkono baada ya mkono, na kila aliyekuwa juu aliona kwamba alikuwa ameyafumba macho. Zein alihesabu. Kwenye themanini na moja kamba ikavutwa. Badawi akapandishwa amekuwa kijivu usoni, na Kaingu akafuata kwenye kamba ya pili, aliyomfunga kule chini. Walimlaza chini, wakamlegeza nguo, wakamkandamiza mgongo wakimpa pumzi kwa muda mrefu.

"Yuwapumua!" akapiga kelele mtu. "Jamani, yuwapumua!"

Badawi alijiinamia akatapika, akatetemeka mpaka magharibi. Kaingu aliumwa kichwa miezi miwili, na majina ya watu yakawa yanampotea, lakini aliishi, akaoa, akazaa. Mwanabaraka alipoambiwa, alimkalisha mumewe, akamwosha miguu kwa maji ya moto kama mtoto.

Baada ya siku ile hakushuka tena. Alifundisha. Mafundi kumi na mmoja wa kisiwa hiki walipitia mikononi mwake, na kila mmoja alianza kwa kukaa uani na daftari, akihesabu pumzi za wanyama, kabla ya kupewa kamba. Mafundi hao wote wako hai leo, alhamdulillahi.

Maradhi ya kifua yalimwanza Juni 1948. Daktari alisema mapafu yameliwa na vumbi la mawe. Kufikia Desemba hakuweza kulala chali, alilala ameketi, na kila kikohozi kiliwaamsha wote nyumbani. Hatutaficha: aliogopa sana. Alimshika Nabiha kifundo cha mkono akamwambia asitoke chumbani, hata kwenda jikoni, na Nabiha hakutoka. Alifariki Jumanne tarehe 15 Februari 1949, kabla ya adhuhuri, akiwa ameegemea bega la mkewe, shahada mdomoni.

Alasiri ile, mavani, Zein aliposhuka kaburini kumpokea, miguu haikumtii. Alisimama ndani ya udongo ule akishindwa kuinua mikono. Juu hakuna aliyemhimiza, hakuna aliyemcheka. Walingoja, maiti mabegani mwao, mpaka akasema, "Haya. Nipeni." Wakampa.

Ameacha mama yake, Bi Mwanakuu; mjane wake, Mwanabaraka, aliye edani; binti yake Nabiha na mumewe Idarus; dada yake Mwanaesha; wajukuu wawili; na Zein, mwana wa ndugu yake, aliyekuwa mwanawe.

Mola ampanulie kaburi lake, amtulize, na ampe amani asiyoipata akiwa nasi. Amin.