Ngano Iliyongoja Mchana Mrefu

Mwalimu Anyitike alikuwa amekusudia kulala ndani ya basi kutoka Mbeya hadi Iringa, lakini kiti cha mbele yake hakikumpa nafasi. Mama Kalista, mkulima wa Kihesa, alikuwa akimsomea mashtaka bwana shamba aliyeketi naye.

"Padri alinipa mbegu ya kwao Ulaya. Ngano imefika kiunoni, kijani kibichi, masuke hakuna! Ng'ombe wa jirani ndio wanaoisifu."

"Si udongo wako, mama. Kiangazi cha kwao jua hukaa angani saa kumi na sita. Mbegu ile imerithi kungoja mchana mrefu namna hiyo ndipo itoe masuke. Hapa kwetu itangoja mpaka inyauke."

"Jani linahesabu saa?"

Anyitike aliwafikiria wanafunzi wake wa darasa la nne, ambao hawakuwahi kumwuliza swali kama hilo, akaona wivu.

"Linahesabu. Ila katika mbegu nyingi hazikosi chache zenye urithi tofauti, zisizojali urefu wa mchana. Hukuona hata shina moja lenye suke?"

"Niliona kama ishirini, mafupi. Bwana shamba mwenzako akapita, akaniambia ning'oe yote yasiyofanana na mengine. Nikang'oa, nikawapa kuku."

Bwana shamba alivua kofia. "Mama, hayo ndiyo yalikuwa mbegu yako."

"Yule kasema ng'oa, wewe unasikitika. Nimsikilize nani?"

Basi likasimama Ipogolo. Kalista akainuka na kikapu chake.

"Nyuma ya banda la kuku yameota tena manne mafupi, yenye masuke," alisema. "Ndiyo ninayowahi kuyang'oa, kama alivyosema mwenzako."