Nyayo Zangu Juu ya Mkeka wa Mbegu

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe na ninyi mliokaa mbele, na asifiwe na ninyi mliohamia mabenchi ya nyuma mliponiona naingia. Mimi ni Leokadia, mama Vene, wa hapa hapa Mchombe. Kiongozi wetu wa sala ameniomba nitoe ushuhuda, akasema niwe mfupi na niseme kwa upole. Ufupi nitajitahidi. Upole, tutaona.

Mnaijua miguu yangu. Wengi wenu mliijadili kabla mimi mwenyewe sijajua inaumwa nini. Ilianza baada ya palizi, Vene wangu akiwa hajafikisha miaka minne. Nyayo zilikuwa ngumu na nyekundu pembeni, na juu yake magamba meupe yanayong'aa kama ya samaki. Visigino vilipasuka. Nikikanyaga, damu inatoka. Asubuhi nakung'uta shuka nje, magamba yanaruka kama pumba. Kuwashwa ndiyo usiseme, nilikuwa nasugua miguu kwenye kona ya ukuta mpaka tofali linabaki na alama.

Sasa, ndugu zangu, sisi watu wa mpunga tunajijua. Hapa kwetu mtu akiumwa mguu, jibu ni moja tu: maji ya jaruba. Tunashinda ndani ya maji miezi na miezi, vidole vinaoza, na dawa tuliyorithi ni kukausha. Basi nikakausha. Nilichoma pumba, nikapaka majivu yake. Nilipaka chumvi. Niliota moto miguu mpaka ikawa ngumu kama ngozi ya ngoma. Fundi redio mmoja akanipa maji ya betri, akaapa kwamba fangasi hata iwe sugu namna gani itakufa. Kilichokufa ni ngozi yangu! Wiki mbili nzima nilikwenda chooni kwa kutambaa. Na kila aliyekuja kuniona alinishauri kitu kile kile, niongeze majivu. Hakuna aliyesema labda tumekosea, hata mimi sikusema.

Halafu ukafika wakati wa mbegu. Mpunga wa kula tunaupiga kwa fimbo, lakini wa mbegu hatuupigi, maana fimbo inavunja punje. Unatandikwa kwenye mkeka, wanawake tunapanda juu bila viatu, tunaufikicha kwa nyayo taratibu huku tukiimba. Tangu niolewe, mkeka wa mbegu wa nyumba yetu nilikuwa naupanda mimi wa kwanza. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Masagati kutusaidia mavuno. Nilipanda, nikafikicha, nikaimba. Niliposhuka, mama mkwe akainama, akaokota gamba langu katikati ya punje. Akalitazama. Alikunja mkeka, akauburuza mpaka uani, akaimwaga mbegu yote kwa kuku.

Mbegu ya mwaka mzima, ndugu zangu, mbele ya wanawake wenzangu! Na wenzangu wale, wengine nawaona hapa wamevaa vizuri kabisa, hawakufungua kinywa.

Kesho yake akamchukua mtoto. Alisema ni ukoma, na kwamba mjukuu wake hatalelewa juu ya magamba. Vene alikuwa na miaka minne. Mume wangu Kasiani, huyo hapo, hebu inua uso baba, alibeba mwenyewe kifurushi cha nguo za mtoto mpaka kwenye treni ya Mlimba. Alisema ni kwa muda. Nilimshika Vene mkono, mama mkwe akautoa mkono wangu kwa ncha ya kanga ili asinishike. Hilo la kanga ndilo lililoniuma kuliko yote.

Nilikuja kwenu nikitafuta faraja. Mlinipa nini? Mlinipa benchi zima nikae peke yangu. Kwenye jumuiya, kiongozi wetu akaniwekea mikono, lakini kwa mbali, akaniambia ugonjwa huu una mzizi na mzizi ni dhambi iliyofichwa. Niungame. Nikaungama. Wiki iliyofuata miguu iko vile vile, akasema bado naficha. Nikaungama tena, mpaka mahindi mabichi niliyoiba shambani kwa shangazi nikiwa na miaka saba. Nilifunga kula siku tisa. Nikabaki na njaa na miguu yangu. Ndipo mtu mmoja, simtaji, anajijua, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mwenye imani angekuwa amepona zamani. Nataka nimjibu leo, maana siku ile nililia tu. Imani nilikuwa nayo. Nisichokuwa nacho ni mtoto wangu!

Sasa sikilizeni Mungu alivyoniaibisha. Msaada haukutoka kwenu. Ulitoka kwa mama Shija, yule Msukuma aliyekuja kukaa kando ya mto na ng'ombe wa mumewe. Ninyi mnajua tulivyowasema wale watu. Mimi nilikuwa wa kwanza kuwasema. Ng'ombe wao walikanyaga jaruba langu moja, nikaenda nikamtukana yule mama mbele ya watoto wake, maneno ambayo hapa kanisani sitayarudia. Basi huyo huyo ndiye aliyepita kwangu na kibuyu cha maziwa akanikuta nimekaa kizingitini napaka majivu. Alinisalimia kwa Kikwao, mwangaluka, mimi sikuitika vizuri. Akaweka kibuyu chini, akachuchumaa, akakishika kisigino changu kwa mikono yake miwili. Ulikuwa umepita mwaka mzima hakuna binadamu aliyegusa miguu yangu. Nilianza kulia papo hapo.

Akaniuliza, "Mbona unakausha kitu ambacho kimekauka?"

Sikieni hilo, ndugu zangu. Mwaka mzima, kijiji kizima, halikutujia swali dogo kama hilo. Kesho yake aliniletea samli. Akanipaka mwenyewe, akanifunga na kitambaa, na asubuhi kwa mara ya kwanza nikakanyaga bila kutoka damu. Aliniambia samli ni ya kulainisha tu, niende Ifakara, kuna daktari wa ngozi amekuja hospitali. Nilimwomba msamaha kwa yale matusi. Akasema na ng'ombe nao walikosea.

Nikaenda Ifakara. Daktari alikuwa mwanamke mnene, mkali kidogo, jasho linamtoka. Nikavua kitambaa nikamwonyesha nyayo. Akasema nimwonyeshe viwiko. Nikamwambia daktari, mimi naumwa miguu. Akaniuliza kama miguu hiyo imekuja Ifakara peke yake. Basi nikakunja mikono ya gauni, na kweli kwenye viwiko kulikuwa na vigamba vile vile vidogo ambavyo sikuwahi kuvijali. Akatazama kucha zangu, zina vitundu kama vya sindano. Akatazama nyuma ya masikio. Akaniambia nifumbe macho, akanigusa kwa pamba huku na huku, na kila alipogusa nilisema hapa. Akasema ukoma huu sio, maana ngozi yangu inahisi, na fangasi sio. Akanitajia jina lake, soriasisi. Ngozi yenyewe inaota haraka kuliko inavyotakiwa, inarundikana. Sio uchafu, sio uchawi, sio maji ya jaruba, na haumwambukizi mtu.

Nikamweleza habari ya Vene. Alikuwa anaandika, akaweka kalamu chini. Maneno yake nimeyashika mpaka leo.

"Huu ugonjwa hupitia kwenye damu ya ukoo. Mtoto wako akija kuupata, hataupata kwa kukugusa. Na akiupata, atamhitaji mama anayejua kuutunza."

Alinipa marhamu ya kulainisha magamba, na nyingine nyeusi inayonuka lami, na kityubu kidogo cha dawa ya kupaka wiki mbili tu, akanionya nisiendelee nacho kwa ujinga wangu. Kila jioni niloweke miguu kwenye maji ya uvuguvugu, nisisugue kwa jiwe, nipake mafuta ya mgando ya kujaza kiganja, nivae soksi za pamba. Na hakunidanganya. Alisema unaondoka, unarudi, nisije nikamwamini mtu atakayeniahidi kuung'oa kabisa. Majivu nisiyaguse. Maji ya betri alipoyasikia alishika kichwa.

Miezi mitatu baadaye miguu ilikuwa miguu. Sio ya msichana, lakini inatembea. Nikamwambia Kasiani nakwenda Masagati kumchukua mwanangu, akitaka aje, asipotaka abaki. Alikuja. Tulipanda treni mpaka Mlimba, tukapata lori la mbao, kulikobaki tukatembea.

Tulifika mchana. Vene alinitambua. Alikuja mbio mpaka katikati ya uwanja, halafu akasimama. Udongo ulikuwa na unyevu, viatu vyangu vilikuwa vimeacha alama kunizunguka. Ndugu zangu, mwanangu akaanza kuruka. Aliruka alama moja, akaruka ya pili, asikanyage nilipokanyaga, akaja kusimama pembeni yangu mikono nyuma. Wamemfundisha! Mtoto wa miaka mitano, wamemfundisha kuogopa udongo aliokanyaga mama yake!

Sikumwamkia mama mkwe. Mungu anisamehe, ni mara ya kwanza na ya mwisho kumnyima mkubwa shikamoo. Nilikaa chini, nikavua viatu, nikavua soksi, nikamwambia aje aone. Nikamwambia maneno yote ya daktari, na lile la mwisho nikalirudia mara mbili. Yeye akasema daktari hajui mambo ya ukoo wao. Ndipo Kasiani, aliyekuwa kimya mwaka mzima na zaidi, akafungua kinywa.

"Mama, mimi nimelala naye kitanda kimoja miaka yote hii. Nitazame miguu."

Akavua viatu na yeye. Mama mkwe aliitazama miguu ya mwanawe, akaitazama na yangu. Hakuomba radhi, na mpaka leo hajaomba. Aliingia ndani akatoka na kifurushi cha nguo. Tukarudi watatu.

Njia nzima Vene alikuwa anaruka alama zangu. Sikumlazimisha. Nyumbani kila jioni nikiloweka miguu alikaa mbali kidogo anatazama, kila siku anasogea. Siku moja akatia kidole kwenye kopo la mafuta, akanipaka dole gumba. Dole gumba peke yake. Akanitazama kama nitamkaripia. Kesho yake akapaka mguu mzima.

Nimemaliza, kiongozi, usikohoe. Limebaki moja.

Msimu ule tulipovuna, nilitandika mkeka wa mbegu uani kwangu. Hakuna jirani aliyekuja. Nikapanda mwenyewe na Vene, miguu mitupu, yake midogo juu ya alama za yangu, tukafikicha mbegu ya mpunga wetu wa Shingo ya Mwali mpaka vihenge viwili vikajaa. Halafu ikaja mvua ya Elinino. Ninyi mnakumbuka. Maji yalizoa vitalu, yaliingia maghalani, mbegu zenu zikaota humo humo ndani ya magunia. Kwangu ni mwinuko, maji hayakufika. Mkaja. Mmoja mmoja, na madebe yenu. Mlisimama nje ya uzio bado, lakini madebe mliyapitisha juu. Niliwajazia wote na sikuuliza kitu. Na ninyi hamkuuliza imefikichwa na nani.

Basi leo nawaambia. Mbegu ile niliifikicha kwa miguu hii! Mmeipanda, mmeivuna, wali wake mmekula nyumba kwa nyumba, na watoto wenu wamekula. Hebu tuvue viatu hapa, tutazamane. Nani ana magamba?

Namshukuru Mungu. Alinifungua kwa samli ya mama niliyemtukana, kwa daktari aliyenikunjisha mikono ya gauni langu, na kwa kidole cha mwanangu. Miguu ikirudi kuwasha, maana inarudi, hata wiki iliyopita imerudi, najua la kufanya. Na wewe uliyejificha nyumbani na ugonjwa unaopakwa majivu na maneno, mtumaini Mungu, kisha uende ukatazamwe na anayejua. Kama unaogopa kwenda peke yako, mimi nitakusindikiza mpaka Ifakara. Nakaa ukivuka mfereji, nyumba yenye soksi kwenye kamba.

Sasa kiongozi atuanzishie wimbo. Na ninyi wa nyuma, sogeeni mbele. Benchi langu lina nafasi, na Vene amekwisha kuwapangusia.