Kigoda cha Mama Severina

Mchungaji, wazee wetu, majirani na ndugu wote mlioacha alizeti shambani mkaja kutushika mkono, mimi ni Simeoni, mdogo wa mwisho wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu Rebeka, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mama Severina.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1957 hapa Ilongero, akiwa mtoto wa pili wa mzee Yona Ntandu na mama yetu Martha, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1966 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1972, na kwa kuwa nyumbani hapakuwa na uwezo wa kumsomesha zaidi, alijifunza ushonaji mjini Singida, akarudi na cherehani yake mwaka 1976. Tangu hapo sidhani kama kuna mtu wa rika langu hapa kijijini ambaye hakuvaa kaptula ya Rebeka, na zote zilikuwa kubwa kidogo, kwa sababu alisema mtoto anakua na kitambaa hakikui.

Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa na Noel Mpinga, fundi seremala kutoka Mitundu, wakajaliwa watoto watatu, Severina, Lea na Danieli. Mwaka 1986, wao wawili pamoja na majirani walianzisha Klabu ya Huduma, iliyokutana kila Alhamisi jioni katika ghala la zamani kando ya gulio, na kazi yake ilikuwa kukandika nyumba za wajane, kufyeka nyasi za zahanati na kuwapeleka wagonjwa mjini kwa baiskeli, maana bodaboda zilikuwa bado hazijazaliwa. Noel alimchongea kila mwanachama kigoda cha mninga, akachoma jina lake chini kwa msumari wa moto, na vigoda vilikaa pale pale klabuni vikiwasubiri wenyewe. Tuliokuwepo tunazikumbuka jioni zile, akina mama wakiimba kwa Kinyaturu huku kata ya togwa ikizunguka, na ukichelewa unakuta kigoda chako tu ndicho kitupu, unaona aibu.

Miaka ikaenda, Noel akafariki tarehe 3 Mei 2011, wenzake wakamfuata mmoja mmoja, vijana wakahamia mjini, na waliobaki wakajifunza kuhudhuria kwa simu, mtu anaambiwa kuna nyumba ya kuezeka, anajibu tuko pamoja, na nyumba inabaki wazi. Dada yangu alikaa Alhamisi nyingi karibu peke yake, akivifuta vumbi vigoda vya watu wasiokuja, na alilia, kwa sababu ile ilikuwa kazi ya mikono ya mume wake, na aliogopa klabu itamfia mikononi.

Kilichoiokoa ni kosa. Mwaka 2016 alikichukua kigoda cha Mama Agripina, ambaye alikuwa hajaonekana klabuni tangu mavuno, akakipeleka kwake kwa sababu mguu mmoja ulilegea na mwanawe ni fundi, akakuta hapana mtu, akakiacha mlangoni bila maagizo, na Mama Agripina aliporudi akaelewa kwamba amefukuzwa. Alhamisi iliyofuata alikatiza gulio zima na kigoda kichwani, akakibwaga katikati ya ghala, akakikalia, kisha akasema maneno ya Kinyaturu ambayo siwezi kuyasoma mbele ya mchungaji, ila kwa ufupi alitaka kujua ni nani mwenye ubavu wa kumtoa. Rebeka alifungua mdomo amwombe radhi, akatazama kigoda kimekaliwa, akaufunga.

Tangu siku hiyo, asiyeonekana klabuni alikikuta kigoda chake mlangoni, bila salamu wala maelezo, na sharti likawa kwamba kinarudishwa na mwenyewe, hakipakiwi bodaboda. Baadaye Danieli, aliyerithi randa ya baba yake, alichonga vipya, na mama yake akavipeleka hata kwa vijana ambao hawakuwahi kujiunga, nao wakaja kuuliza hiki ni cha nani, wakaambiwa wakae kwanza. Kufikia mwaka 2022 ghala halikutosha, watu walikaa nje.

Mlango mmoja tu hakuugusa, wa Lea, mwenye duka la vitambaa mjini, ambaye kila alipoitwa alijibu mama, tuko pamoja. Lea ameniruhusu niseme hili. Rebeka alisema mtoto wake hatamtega, atamngoja.

Mwezi Januari 2024 alianza kuvimba miguu, ikagundulika ni moyo, akatibiwa mjini na baadaye nyumbani. Alipokosa Alhamisi kadhaa, Mama Agripina alikileta kigoda cha Rebeka, akakiweka kando ya kitanda, akaondoka bila kusema neno, na dada yangu alicheka hadi akakohoa, akaapa atakirudisha mwenyewe. Hakuweza, na jambo hilo lilimuuma kuliko ugonjwa. Alifariki Jumanne tarehe 17 Juni 2025, alfajiri, Lea akiwa amemshika mkono, ameacha watoto watatu na wajukuu saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuchotea maji na kutupikia tangu juzi, mafundi cherehani wenzake, na wanaklabu, ambao kaburi hili wamelichimba wao, na leo hatukusikia tuko pamoja, tulisikia majembe.

Kigoda mnachokiona karibu na jeneza si cha urithi na hakibaki nyumbani. Leo ni Alhamisi. Tukitoka makaburini, Lea atakibeba kichwani hadi ghalani, kwa miguu, kama sharti linavyotaka, na Mama Agripina ametuambia kwamba anayekileta ndiye anayekikalia.

Dada, mtoto uliyemngoja amekuja. Pumzika kwa amani.